Ndege ndogo za Kijerumani zilizookolewa na nchi jirani

Katika maonyesho ya ndege za kale barani Ulaya hutokea mara nyingi ndege ndogo yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ikiwa na viti viwili vilivyo wazi na herufi D iliyoandikwa ubavuni. Watazamaji huipiga picha wakiamini kwamba wameona mashine iliyotoka katika kiwanda cha Ujerumani miaka ya 1930. Umbo lake ni la Kijerumani kweli, na michoro yake ilichorwa Berlin. Hata hivyo, kibao kidogo cha chuma kilichopigiliwa ndani ya chumba cha rubani huweza kueleza habari nyingine kabisa: kwamba ndege hiyo iliundwa Uhispania, Uswisi au iliyokuwa Czechoslovakia, wakati mwingine miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika.

Tofauti hiyo haiwahusu wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao. Fundi anayeifufua ndege ya aina hiyo hawezi kujua ni gundi gani iliyoshikilia mbao zake, ni injini gani inayostahili kufungwa puani, wala ni vipuri vipi vya kutafuta, kabla hajajua ilizaliwa wapi. Rubani atakayeirusha anaikabidhi maisha yake. Na umma unaoitazama una haki ya kujua ni historia ipi hasa inayopita juu ya vichwa vyao.

Marufuku mbili

Chanzo cha hali hii ni marufuku mbili zilizoikumba sekta ya ndege ya Ujerumani katika muda usiozidi miaka thelathini. Ya kwanza ilitokana na Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioinyima nchi hiyo jeshi la anga. Wahandisi wengi waligeukia nyiraba, yaani ndege zisizo na injini, pamoja na ndege nyepesi za michezo. Kutokana na juhudi hizo Ujerumani ilijipatia ujuzi mkubwa wa kuunda mashine ndogo, nyepesi na rahisi kurusha.

Baada ya Wanazi kuchukua madaraka mwaka 1933, ujuzi huo uligeuzwa kuwa nyenzo ya maandalizi ya vita. Vijana walioanza kuruka katika vilabu ndio waliotarajiwa kuwa marubani wa jeshi jipya la anga, ambalo kuwepo kwake kulitangazwa hadharani mwaka 1935. Ndege nyingi zinazopendwa leo kwa uzuri wake, kwa hiyo, zilikuwa madarasa ya kwanza ya marubani wa kivita.

Marufuku ya pili ilikuja baada ya Ujerumani kushindwa mwaka 1945. Mataifa yaliyoshinda vita yalizuia uundaji wa ndege nchini humo, na safari za ndege zenye injini zilizoendeshwa na Wajerumani wenyewe ziliruhusiwa tena mwaka 1955 tu, Ujerumani Magharibi iliporejeshewa mamlaka yake. Katika miaka hiyo kumi, idadi kubwa ya ndege zilizobaki katika ardhi ya Ujerumani zilivunjwavunjwa na kuwa chuma chakavu. Zile zilizokuwa nje, au zilizoundwa nje kwa leseni, ziliendelea kuruka. Hivyo ndivyo nchi jirani zilivyogeuka kuwa ghala la urithi ambao wenyewe hawakuweza kuutunza.

Umbo moja, viwanda vingi

Mfano ulio wazi zaidi ni Bücker Bü 131 Jungmann, ile ndege ya mabawa mawili iliyotajwa mwanzoni. Ilibuniwa na mhandisi wa Kiswidi, Anders J. Andersson, katika kampuni ya Carl Clemens Bücker, na ikaruka kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1934. Kiwanda kilianzia Johannisthal mjini Berlin, kisha kikahamia Rangsdorf, kusini mwa mji huo. Ilikuwa ndege ya mafunzo, nyepesi mkononi na yenye uwezo wa kupinduka na kuzunguka angani bila shida. Wateja wa kigeni walivutiwa nayo mapema.

Nchini Uhispania, kampuni ya CASA iliiunda kwa mamia chini ya jina CASA 1.131, na jeshi la anga la nchi hiyo likaendelea kuitumia kufundishia muda mrefu baada ya vita. Nchini Uswisi iliundwa Altenrhein, kando ya Ziwa Constance. Czechoslovakia iliiunda kabla ya vita katika kiwanda cha Tatra, na baada ya vita ikaiendeleza kwa jina Aero C-104, ikiwa na injini ya nchi hiyohiyo. Japan, iliyo mbali kabisa na ujirani huu, iliunda zaidi ya 1,000 kwa ajili ya majeshi yake. Na katika miaka ya 1990, mafundi nchini Poland walianza kuunda Jungmann mpya kabisa kwa kufuata michoro ya Tatra.

Historia ya Fieseler Fi 156 Storch inafanana na hiyo, ingawa ina kivuli kizito zaidi. Storch maana yake ni korongo, na jina linamfaa: ndege hiyo ina miguu mirefu iliyopanuka, bawa moja lililowekwa juu ya chumba chenye vioo pande zote, na uwezo wa kuruka polepole sana, karibu kilomita 50 kwa saa, bila kuanguka. Iliweza kutua katika uwanja mdogo kuliko wa mpira. Vita vilipoendelea, Wajerumani walihamishia sehemu ya uundaji katika nchi walizozikalia kimabavu: kwenye kiwanda cha Morane-Saulnier huko Puteaux, karibu na Paris, na kwenye kiwanda cha Mráz huko Choceň, Czechoslovakia. Baada ya ukombozi, viwanda hivyohivyo viliendelea kuiunda kwa mahitaji ya nchi zao. Wafaransa waliiita Criquet, yaani nzige. Wacheki waliiita Čáp, neno ambalo kwao pia ni korongo.

Messerschmitt Bf 108 Taifun, ndege ya abiria wanne iliyopewa jina la tufani na rubani mashuhuri Elly Beinhorn, ilipita njia hiyohiyo. Uundaji wake ulihamishiwa Les Mureaux nchini Ufaransa wakati wa vita, na baada ya hapo Wafaransa wakaendelea nayo kwa jina Nord 1000, baadaye wakiifunga injini ya Renault. Kwa kuwa sura yake inakaribiana na ile ya ndege ya kivita ya Messerschmitt Bf 109, ndege hizi za Kifaransa zilipakwa rangi za kijeshi na kuigiza kama Bf 109 katika filamu kadhaa za vita.

Punda milia wa Serengeti

Marufuku ya pili ndiyo iliyozaa pia ndege ya Kijerumani inayofahamika zaidi Afrika Mashariki. Kwa kuwa Claudius Dornier hakuruhusiwa kuunda ndege nyumbani, alifungua ofisi ya ubunifu mjini Madrid. Huko ndiko ilikotengenezwa Do 25, iliyoruka mwaka 1954, na kutokana nayo ikapatikana Do 27, ndege ya kwanza kuundwa kwa wingi Ujerumani Magharibi baada ya vita. Zaidi ya 600 ziliundwa, nyingi nchini Ujerumani na 50 nchini Uhispania. Kama Storch, bawa lake liko juu, na haihitaji njia ndefu ya kurukia. Ureno ilizitumia nyingi katika vita vyake vya kikoloni, zikiwemo zile zilizoruka Msumbiji.

Moja kati ya Do 27 ilikuwa mali ya Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Ilipakwa mistari ya punda milia na kusajiliwa kwa herufi D-ENTE. Mpangilio huo haukuvunja kanuni yoyote, kwani ndege za Kijerumani zenye injini moja na uzito usiofika tani mbili husajiliwa kwa herufi zinazoanza na D-E. Lakini herufi nne za mwisho zinapounganishwa huwa neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Kwa ndege hiyo, baba na mwana walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, katika Tanganyika iliyokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, na kupata idadi inayozidi 350,000.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek alikuwa peke yake angani ndege hiyo ilipogongana na tumbusi na kuanguka. Alifariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake akazikwa karibu naye baada ya kufariki mwaka 1987. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa mtazamaji wa leo barani Ulaya, Do 27 iliyopakwa mistari si pambo tu. Ni kumbukumbu ya kifo cha kijana na ya mwanzo wa uhifadhi ulioandikwa katika ardhi ya Tanzania.

Namna ya kuitambua

Wapenzi wa ndege wenye uzoefu huanza na pua. Injini za asili za Jungmann, za kampuni ya Hirth, zilikuwa na silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja na kuelekezwa chini, kwa hiyo pua ni nyembamba na propela iko juu. Storch ya asili ilikuwa na injini ya Argus yenye silinda nane, nazo zikitazama chini. Mtu akiona ndege yenye umbo la Storch lakini pua yake ni ya duara, na silinda zimesambaa kama spoki za baiskeli, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaitazama ndege ya Kifaransa, kwani Morane-Saulnier ilifunga injini za namna hiyo katika matoleo yake ya baadaye.

Baada ya pua yafuata mabawa. Mabawa ya Jungmann yamerudishwa nyuma kwa nyuzi 11, jambo linaloitofautisha mara moja na ndege nyingi za mafunzo za wakati wake. Aidha, mabawa ya juu na ya chini yanalingana kiasi cha kuweza kubadilishana, hila ya kiwandani iliyopunguza idadi ya vipuri. Kwa upande wa Storch, alama ni kibamba cha chuma kilichotanguliza mbele ya bawa kwa urefu wake wote, kinachosaidia hewa kulishika bawa wakati wa kwenda polepole.

Herufi za usajili husaidia, lakini hudanganya pia. D ni ya Ujerumani, HB ya Uswisi, F ya Ufaransa, EC ya Uhispania na OK ya Jamhuri ya Czech. Zinaonyesha mahali ndege ilipoandikishwa sasa, wala si mahali ilipoundwa. Jungmann nyingi zinazobeba herufi D leo zilinunuliwa kutoka kwa majeshi ya Uhispania na Uswisi yalipoziuza. Ushahidi wa kweli ni kibao cha kiwandani, namba iliyogongwa kwenye kiunzi, na daftari la safari. Hivi vitatu visipokubaliana, maswali huanza.

Gundi ya maziwa na kutu iliyojificha

Ndege ya miaka ya 1930 inapoingia karakana, kazi ya kwanza ni kuivua nguo. Kitambaa kilichofunika mabawa na mwili hukatwa, na kila kipande hupigwa picha kabla hakijaguswa. Hapo ndipo mifupa yake inapoonekana. Katika Jungmann, mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, ilhali mabawa ni ya mbao: boriti mbili ndefu zinazobeba uzito, na mbavu nyembamba zinazoyapa mabawa umbo lake.

Adui wa mbao si umri peke yake, bali gundi. Ndege nyingi za zama hizo ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Ni imara ikiwa kavu, lakini unyevu huidhoofisha na ukungu huila. Nyingine ziliunganishwa kwa gundi za kemikali za mwanzo, ambazo baada ya miongo mingi huweza kukauka na kuvunjika kama kioo. Kiungo kinaweza kuonekana kizima kwa macho, kumbe hakishiki chochote. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu huvifungua viungo vya majaribio, hupitisha ncha ya kisu mahali pa shaka, na mara nyingi huamua kuunda boriti mpya kwa mbao iliyochaguliwa kwa unyoofu wa nyuzi zake, kisha huiunganisha kwa gundi ya kisasa.

Chuma nacho kina ugonjwa wake. Maji ya mvua na umande hutiririka hadi sehemu ya chini kabisa, karibu na mkia, na huko kutu huanza ndani ya bomba ambako jicho halifiki. Zamani viwanda vilipitisha mafuta ya mbegu za kitani ndani ya mabomba ili kuyalinda. Ulinzi huo ukishakauka, bomba linaweza kung'aa kwa rangi nje na kuwa jembamba kama karatasi ndani. Fundi huligonga, hulisikiliza, hupima unene wake, na palipo na shaka hukata na kuchomelea kipande kipya.

Mwishoni hurudishwa kitambaa. Zamani kilikuwa kitani au pamba, kikipakwa dawa ya kukikaza iliyoshika moto kwa urahisi. Siku hizi wengi hutumia kitambaa cha poliesta, ambacho hukazwa kwa joto na kudumu zaidi. Macho hayaoni tofauti kubwa. Ila mwenye kupenda asili huiona na hulalamika.

Asili au usalama

Mvutano huo huwa mkali zaidi kwenye injini. Hirth ya miaka ya 1930 ni kazi ya ustadi: krenki yake, yaani mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni, haikufuliwa kwa kipande kimoja bali iliunganishwa kwa vipande vyenye meno, na huzunguka kwenye beringi. Kuifungua kunahitaji zana maalumu na watu wanaojua, na wote wawili wamekuwa adimu. Wamiliki wengi huchagua injini ya Kicheki ya Walter Minor, inayofanana nayo kwa umbo, au injini ya Marekani ambayo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi lakini hubadilisha pua yote. Ndege hupata uhakika zaidi, na hapohapo hupoteza sauti na sura yake.

Kisheria, swali hili huachiwa kila nchi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2018 huziondoa ndege za kihistoria katika utaratibu wa pamoja, zikiwemo zile zisizo na mitambo tata ambazo zilibuniwa kabla ya 1955 na uundaji wake kukoma kabla ya 1975. Mamlaka za kitaifa ndizo zinazotoa kibali cha kuruka. Uhuru huo unaziwezesha ndege hizi kuishi, lakini unaweka mzigo mkubwa mabegani mwa mmiliki na mkaguzi.

Uzito wa mzigo huo ulidhihirika nchini Uswisi tarehe 4 Agosti 2018. Junkers Ju 52 iliyoundwa mwaka 1939, ndege kubwa zaidi yenye injini tatu, ilianguka karibu na kilele cha Piz Segnas ikitoka Locarno kwenda Dübendorf. Watu wote 20 waliokuwemo walifariki. Ripoti ya wachunguzi iliyotolewa Januari 2021 ilitaja urushaji wa hatari kuwa chanzo cha ajali, lakini ilieleza pia kwamba mabaki yalikuwa na kutu na nyufa ambazo hazikuwa zimegunduliwa. Kasoro hizo hazikuiangusha ndege. Kwa waunda upya wa ndege za kale, hata hivyo, lilikuwa onyo: rangi nzuri na sifa za miaka mingi si uthibitisho wa uzima wa kiunzi.

Rangi na ukweli

Lipo pia suala la kupaka rangi. Ndege iliyoundwa Uhispania baada ya vita inapopewa alama za jeshi la anga la Wanazi, inavaa historia ambayo haikuwa yake. Nchini Ujerumani sheria ya jinai inakataza kuonyesha swastika hadharani isipokuwa kwa madhumuni kama elimu na sanaa, na wamiliki wengi huchagua rangi za kiraia. Wapo wanaorejesha alama za Uhispania, Uswisi au Czechoslovakia ambazo ndege yao ilizibeba kweli, jambo linalozidi kuheshimiwa na makumbusho.

Uamuzi huo haufuti chimbuko. Baadhi ya mashine hizi ziliundwa katika nchi zilizokaliwa kimabavu, na sekta ya ndege ya Ujerumani wakati wa vita ilitegemea pia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Kumbukumbu hiyo hukaa katika namba zilizogongwa kwenye chuma sawasawa na jina la mbunifu.

Kwa hiyo karakana zilizo bora huandika kila kitu: mbao ipi ni ya asili na ipi imebadilishwa, kiungo kipi kimefunguliwa, injini imetoka wapi. Sehemu za zamani zisizofaa tena kuruka huwekwa kando na kupewa lebo badala ya kutupwa. Ndege itakayotoka hapo huenda ikawa na boriti mpya, kitambaa kipya na injini ya nchi ya pili. Atakayeinunua baada ya miaka hamsini ataweza kufungua daftari, kulilinganisha na kibao cha kiwandani, na kujua ni nini hasa anachokaribia kukirusha.